Gogo la Mfenesi la Masanja Ngeleja

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi ile hapa Janga mashine ya Mzee Masanja haikulia. Tulizoea kuisikia kabla ya chai. Ni mashine ndogo ya kukereza mbao, lakini mlio wake ulifika hadi barabarani, na sisi majirani tukajua mzee ameamka. Siku ile palikuwa kimya. Kisha tukamsikia mkewe, Mama Selina, akituita.

Tulimkuta mzee karakanani, ameketi chini, mgongo ukutani, simu mkononi. Kwenye simu kulikuwa na picha ya kisu kilichopinda. Mzee Masanja alikuwa amefariki. Presha ilikuwa imemsumbua muda mrefu.

Tunamkumbuka leo Masanja Ngeleja, mkereza mbao wa Janga, Kibaha. Alikereza mabakuli, miguu ya vitanda, vinu vya kutwangia vitunguu saumu. Alizaliwa Usukumani akaja Pwani akiwa kijana. Aliyempokea ni Mzaramo wa Msimbu, kule Kisarawe, Mzee Mwinshehe. Wasukuma na Wazaramo ni watani, mnajua. Wawili hawa walianza kutukanana siku waliyokutana, na hawakuacha.

"Nilimpa mahali pa kulala," Mzee Mwinshehe aliniambia. "Akanilipa kwa kumaliza mafenesi yangu. Alikula kama ng'ombe aliyekata kamba."

Masika yaliyopita, upepo uliuangusha mfenesi ule wa Mwinshehe. Shina lilikuwa limeliwa na mchwa. Lilipatikana gogo moja tu zima. Mwinshehe akamletea mtani wake, na Masanja akasema atatoa humo mabakuli ya watu wake watatu: mkewe Selina, mwanawe Peter anayefanya kazi ofisini Dar es Salaam, na binti yake Maria, aliyejifunza kukereza kwa baba yake. Gogo moja, watu watatu.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Ukichimba bakuli kwa njia ya kawaida unapata moja, na yote ya ndani yanakuwa maranda. Lakini kuna visu vilivyopinda vinavyoingia kwenye gogo na kutoa bakuli dogo kutoka ndani ya bakuli kubwa. Mzee aliviona vya aina mbili vikiuzwa kwenye simu. Cha kwanza hufungwa kwenye egemeo la chuma mbele ya mashine na hufuata njia moja tu. Ni salama, lakini kwa mashine ndogo kama yake kingetoa mabakuli mawili. Cha pili hushikwa kwa mkono, hupita unapotaka, na kingetoa matatu. Ila kikinasa kwenye mti, kinaweza kumvunja mkono aliyekishika. Na mkono wa kulia wa Mzee Masanja ulikuwa umeanza kufa ganzi.

Maria anayakumbuka mazungumzo yao.

"Baba, chukua cha egemeo. Mota yetu ndogo. Kikikwama, itazima tu."

"Halafu huyo wa tatu nimwambie nini?"

"Wa tatu ni mimi. Niambie sasa hivi, nakusikia."

"Nyamaza wewe. Sijaamua."

Akawa haamui. Kila jioni alifungua simu akavitazama visu. Alizipaka nta ncha mbili za gogo, akalifunika gunia, kwa sababu gogo la kazi hiyo hukerezwa likiwa bado bichi. Likikauka, linapasuka. Kila alipoahirisha, gogo lilizidi kukauka, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Mume wangu hakunywa pombe," Mama Selina anasema. "Kilichomnyima usingizi ni hicho kisu."

Basi, siku ya mazishi Mzee Mwinshehe alikuja kutoka Msimbu. Watu walikuwa wengi, masufuria yako motoni uani. Mara tukamwona ameketi juu ya lile gogo, kanzu ameipandisha magotini.

"Msukuma huyu amekula mafenesi yangu maisha yake yote," akasema kwa sauti. "Gogo pia anataka? Gogo hili ni langu. Anayebisha aje aninyanyue."

Wazee wakacheka. Peter hakucheka.

"Mzee, utani una mahali pake."

"Mahali pake ndipo hapa msibani, mjukuu wa ng'ombe. Uliza wakubwa zako."

Akaita bajaji, gogo likapakiwa, likaenda zake Msimbu. Hakuna aliyemzuia, maana mtani msibani hazuiwi. Lakini wafiwa waliumia. Lile gogo ndilo lililokuwa neno la mwisho la baba yao.

Wiki zikapita. Maria akaenda Msimbu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekuja kunipiga?"

"Nimefuata gogo."

Mzee akampeleka kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Palikuwa na rundo la maranda yaliyoloweshwa maji, limefunikwa magunia. Akafukua. Gogo lilikuwa ndani. Maria aliligonga, akalizungusha, akapapasa kila upande. Lilikuwa bado bichi. Ufa ulikuwa mmoja, mdogo, pembeni.

"Kuni ziliwaishia wapishi wenu," Mzee Mwinshehe akamwambia. "Nilimwona mmoja analitazama, shoka mkononi. Ningesema kistaarabu wangenibishia, wakapasua huku tunabishana. Nikaona bora niwe mtani."

"Mbona hukutuambia?"

"Nimwambie nani? Kaka yako alinitazama kama mwizi wa kuku."

Maria alimpigia Peter simu palepale. Peter akasema, "Usimwombe radhi kwa niaba yangu. Nitakuja mwenyewe." Alikuja Jumapili iliyofuata. Mzee alimkaribisha kwa matusi na fenesi la jirani.

Lakini uchaguzi wa kisu ulikuwa bado. Peter alitaka cha mkono, ili kila mtu apate kama baba alivyosema. Mama yao akakata shauri.

"Nimeshazika mtu mmoja wa mashine hiyo. Mikono ya Maria naihitaji kuliko bakuli."

Maria akachagua cha egemeo.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Mama Selina, Peter na Maria, na Mzee Mwinshehe kule Msimbu, ambaye hana tena wa kumtukana. Mzee Masanja hakushindwa kuchagua kisu. Alishindwa kuchagua mtu wa kumnyima bakuli. Pengine nawe una jambo la namna hiyo nyumbani. Waite wahusika, uwaulize, maana Maria, huyo wa tatu, alikuwa ameshamjibu baba yake.

Kisu kilichoagizwa kilifika Kibaha juzi. Gogo limerudi Janga, bado limo ndani ya maranda yake. Jumamosi asubuhi Maria atalifunga kwenye mashine. Bakuli kubwa ni la mama, dogo ni la Peter. Yatatoka mabakuli mawili.