Pete ya Kahawia Machoni mwa Kinyozi

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika zahanati iliyo nyuma ya soko, mtoto wa pili kati ya watatu wa dereva wa lori na mkewe, na nyote mlimwita Kinyozi, jina ambalo mama yake hakulipenda mpaka anaaga dunia.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, masomo hayakumpenda naye hakuyalilia, na Januari 1980 akafungua chumba mtaa wa pili kutoka hapa, chenye kiti kimoja, kioo kilichopasuka pembeni na wembe ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Mwaka 1986 mkono wake ulianza kutetemeka, ulimi ukawa mzito, wateja wakahama mmoja mmoja, na mtaa ukasema lisemwalo lipo, kinyozi amekuwa mlevi, ilhali yeye hata harufu ya pombe ilimtapisha, na jambo hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa.

Tarehe 4 Februari 1987, mpima macho wa hospitali, mmoja wa wateja wawili waliobaki, alikuwa amelala kitini, povu hadi masikioni, akatazama juu akaona pete ya kahawia kuzunguka mboni za Kinyozi, akainuka na ndevu nusu, akamburuta hospitali vivyo hivyo.

Daktari alieleza kwamba shaba, ile ile ya nyaya za umeme, kila mtu anayo kidogo mwilini, nayo husaidia damu na mishipa ya fahamu, lakini ini la Kinyozi lilishindwa kuitoa iliyozidi, ikajaa kwenye ini, ubongo na macho, na kwa kuwa ugonjwa huu ni wa kurithi, ndugu zake nao wapimwe. Kaka yao mkubwa alionekana hana neno, lakini mdogo wao wa mwisho, binti wa miaka kumi na tisa, buheri wa afya, aligoma, akisema hachomwi sindano kwa ugonjwa wa mtu mwingine, hivyo Kinyozi alifunga kazi, akakaa mlangoni kwake siku mbili mpaka binti akainuka kwenda kupimwa, na majibu yakaonyesha naye anao ugonjwa huo.

Kwa vidonge mkono ulitulia, foleni ikarudi, na tarehe 12 Desemba 1990 akamwoa fundi cherehani, ambaye wajomba zake walikuwa wamemkataa Kinyozi kwa ulevi ule ule wa kusingiziwa, wakajaliwa mabinti wawili, wote wamepimwa na ni wazima.

Mwaka 2009, kwa bidii yake, aliongeza maradufu vidonge vyake vya zinki, vinavyozuia shaba ya chakula kuingia mwilini, bila kumuuliza daktari, shaba ikapungua kupita kiasi, akaishiwa damu, miguu ikafa ganzi, akabaki na fimbo, akisema amegombana na shaba ilipohamia na akagombana nayo ilipohama.

Alifariki tarehe 17 Juni 2024 kwa homa ya mapafu, usingizini, akiwa na miaka sitini na mitatu, na familia inamlilia huku ikishusha pumzi, maana thelathini na saba kati ya hiyo hakuna aliyeitarajia.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, vinyozi wenzake, majirani waliomwomba radhi na hata wasiomwomba, na mzee mpima macho, aliyeketi pale mbele, leo kanyolewa pande zote mbili.

Anayewasomea ni yule mdogo wake, sasa ana miaka hamsini na sita, na karatasi hii, kama mnavyoona, haitetemeki. Lala kwa amani, Kaka.