Meli Iliyomchukua Mutunga, Mume wa Susu Kalekye

“Keti chini, Wavinya. Tunazika mwanamke, hatuziki meli.”

“Babu Kilonzo, kama si hiyo meli, ungekuwa unamnyima kaburi?”

“Ningemnyima. Mutunga alitoroka jeshini akaoa huko ng’ambo. Mke wa mtoro azikwe kwao.”

Hivyo ndivyo tulivyogombana jana kwenye kamati ya mazishi, waombolezaji, na leo, kwa ruhusa ya pasta, nasoma yote.

Susu Kalekye, mama ya nyanya yangu, alizaliwa mwaka wa 1925 huko Kibwezi, hakupelekwa shule, akaolewa na Mutunga Agosti 1942 hapa Ikutha, na mwaka uliofuata mumewe akaandikwa jeshini. Meli iliyombeba, Queen Adela, iliundwa Scotland mwaka wa 1911, ikabeba matajiri na chai yao hadi ikazeeka, kisha vita vilipokuja ikapakwa rangi ya kijivu, vyumba vikabomolewa, Waafrika wakashindiliwa chini karibu na tanuri za makaa, wala hakuna aliyewaonyesha njia ya kutokea. Iliondoka Kilindini Februari 1944, ikapigwa kombora, ikazama nao, na wakubwa wakaficha habari hiyo. Kilikuwa chuma kizee kisichofaa kubeba hata mbuzi.

Mtoto wao wa pekee, Ndila, nyanya yangu, alizaliwa Juni mwaka huo. Vita vilipoisha, Susu alikwenda kuuza uji kwenye stesheni ya Kibwezi, akichungulia kila gari la moshi lililoleta wanajeshi, hadi Kivuva wa Mwingi, aliyeokolewa majini, akashuka akamweleza. Alirudi kwenye boma hili, akalima, hakuolewa tena, akaugua figo, akatuacha tarehe 3 Machi 2025.

Tunawashukuru wauguzi, majirani na akina mama wa kanisa. Meli hatuishukuru, wala walioipakia. Susu, lala kwa amani, hapa kwa mumeo.

Na wewe, Babu Kilonzo, hayo ya kutoroka uliyarithi kwa baba yako, Muthama, aliyeanza kuyasema baada ya Susu kukataa kuwa mke wake. Nyanya Kasyoki, anayeketi hapo mbele, alikuwa ndani akisaga mtama siku hiyo ya mwaka wa 1946, naye alimsikia baba yako akisema mlangoni: “Fungua, Kalekye. Ndugu yangu alikufa na ile meli, na mke wa marehemu ni wangu.”