Bi Obdulia Ezquerro na Mapipa ya Briones (1938–2023)

Marehemu Bi Obdulia Ezquerro alizaliwa tarehe 11 Novemba 1938 hapa Briones, La Rioja, akiwa mtoto wa pekee wa Mzee Leoncio Ezquerro na Bi Visitación Gil.

Alisoma kwa masista wa Haro hadi alipotimiza miaka kumi na minne. Baba yake aliumia mgongo, na mapipa yake ya mvinyo yakakosa mtu, ndipo binti akashika kazi. Enzi hizo mwanamke hakushuka ghalani. Ilisemwa kwamba akipita tu, mvinyo huchacha. Majirani walipomjia juu Mzee Leoncio, aliwajibu, "Ukichacha, tutautia kwenye saladi. Mwacheni mtoto afanye kazi."

Haukuchacha.

Akautunza mvinyo mwekundu maisha yake yote kama alivyofunzwa: miaka kadhaa katika mapipa ya mwaloni, mingine chupani, na mara kwa mara kuuhamisha pipa hadi pipa mbele ya mshumaa ili mashapo yabaki nyuma. Aliusafisha kwa ute wa mayai. Viini aliwagawia majirani, na wiki hiyo mtaa mzima ulinukia keki.

Tarehe 9 Mei 1964 alifunga ndoa na Higinio Barrasa, fundi mapipa, aliyezoea kuja kukarabati pipa lililokuwa zima.

"Higinio, pipa hili halivuji," alimwambia siku moja.

"Litavuja tu, nisiporudi."

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Anselmo. Mwaka 1996 mama na mwana walikosana. Wanunuzi walitaka mvinyo mzito, mweusi, wa kunywewa upesi.

"Mama, watu hawataki tena mvinyo wa wazee."

"Basi na wasubiri wazeeke."

Anselmo akavuka mto Ebro, akaanzisha ghala lake Labastida. Wakawa hawasemezani, hata walipokutana misani.

Mwaka 2007 Mzee Higinio alifariki. Kesho yake baada ya mazishi, Anselmo alishuka ghalani bila kuitwa, akakunja mikono ya shati, akaanza kuhamisha mvinyo. Mama yake alishika mshumaa. Walifanya kazi kimya kimya, mpaka mashapo yalipotokeza kwenye mwanga, mama akapiga kelele: "Funga!" Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia mwanawe baada ya miaka kumi na mmoja. Anselmo alifunga bomba la pipa, akalia, na hakurudi tena Labastida.

Mwaka 2019 marehemu alipatwa na kiharusi kilichomwondolea uwezo wa kunusa. Hilo lilimuuma kuliko mguu uliopooza. Ikawa kila Jumapili Anselmo humletea chupa na glasi kitandani, akiunusa mvinyo kwa niaba yake.

"Haya, niambie."

"Tumbaku, Mama. Ganda kavu la chungwa. Na ngozi."

"Ngozi ya kiatu au ya tandiko?"

"Ya tandiko."

"Basi mvinyo umetulia. Mimina."

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 6 Februari 2023, mwanawe akiwa kando yake.

Ameacha mwana, Anselmo, mkwe, Itziar, na wajukuu wawili, Leire na Unai. Ameacha pia mvinyo wa mavuno ya mwaka jana, na agizo kwamba usinywewe kabla ya mwaka 2034.

"Mama, hapo nani atakuwepo?" Anselmo alimwuliza.

"Atakuwepo mtu. Mpeni glasi safi."

Bwana amlaze kwa amani katika udongo huu uliomlea.