Verediana Kikoti, Mhandisi Aliyetafuta Mshenga

Baba Paroko, wazee wa Wasa, ndugu zetu mliotoka Mlandege na Mwanjelwa alfajiri kuja kutushika mkono, watumishi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Viwanda, Kituo cha Mbeya, na nyote mliojaa uwanja huu, familia imenipa mimi Clement, kitinda mimba wa nyumba ya Mzee Kikoti, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na kwa kuwa marehemu hakuwahi kuvumilia hotuba ya kusinzia, hata ya harusini, mtanisamehe sauti yangu ikipanda, maana maisha haya ukiyasoma kinyonge umeyasingizia.

Mhandisi Verediana Kikoti alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, katika Hospitali ya Tosamaganga, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Marcelino Kikoti na Mama Devota, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo, na tangu akiwa mdogo alikuwa mtundu wa mikono, kiasi kwamba siku moja baba alimkuta ameifungua redio ya nyumbani na kuitandaza mkekani, akamwamuru airudishe kabla ya taarifa ya habari, naye akairudisha, ikaongea vizuri kabisa, ila skrubu mbili zilibaki, na baba alizihifadhi skrubu hizo miaka mingi akiwaonyesha wageni na kuwaambia kwamba mwanawe ameboresha redio ya wazungu.

Alianza elimu ya msingi hapa Wasa mwaka 1979 na kumaliza mwaka 1985, akachaguliwa kwenda Sekondari ya Wasichana Iringa mwaka 1986 hadi 1989, kisha kidato cha tano na cha sita huko Kilakala, Morogoro, na mwaka 1993 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea uhandisi wa elektroniki, akahitimu mwaka 1997, akiwa miongoni mwa wasichana wachache wa darasa lake, na alipoulizwa na shangazi zake kazi ya elektroniki ni ipi hasa, alijibu kwamba ni kuifundisha mashine kuhisi, jibu ambalo shangazi walilipokea kwa miguno na kumwombea rozari nzima.

Tarehe 2 Februari 1998 aliajiriwa na Taasisi katika Kituo cha Mbeya, kilichoko Iyunga, na huko ndiko alikofanya kazi hadi alipougua, akipanda kutoka mhandisi daraja la mwisho hadi mkuu wa maabara ya elektroniki, ile yenye chumba kisichoruhusu vumbi, ambamo mgeni huacha viatu mlangoni na kuvaa koti jeupe, na ndani yake mna darubini na mitambo ya kutengenezea saketi ambayo kiwanda kichanga hakiwezi kujinunulia, basi hufika pale na wazo lake, hutumia vifaa vya taifa, hupimiwa, hukosolewa, hurudia, mpaka kiweze kusimama chenyewe.

Alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Asukile Mwakyoma wa Tukuyu tarehe 7 Oktoba 2000, katika Kanisa Kuu la Mbeya, baada ya Mwalimu huyo kupeleka wanafunzi kutembelea maabara mara nyingi kuliko mtaala wa sayansi ulivyodai, na Mungu akawajalia watoto watatu, Bertha aliyezaliwa mwaka 2002, Amos mwaka 2005 na Jailos mwaka 2009, nao ni mashahidi kwamba mama yao hakuwa mpishi, tena hakuona haya kulisema, lakini hakuna aliyelala na swali lililokosa jibu katika nyumba ile.

Sasa naomba tutulie hapa kidogo, maana hapa ndipo penye moyo wa maisha yake. Dada Verediana alikuwa na kidonda kimoja, nacho kilikuwa Nanenane, kwa sababu kila mwezi Agosti maabara yake ilipeleka mashine katika viwanja vya maonyesho, wananchi wakazishangaa, viongozi wakapiga nazo picha, kombe likatolewa, kisha mashine zikarudi Iyunga kulala stoo, na wenye viwanda wakaenda kununua za nje, na alizoea kutuambia, kwa uchungu usiofichika, kwamba kabati la maabara lina vikombe vingi kuliko mikono inayotumia kazi zao. Kidonda kikatoneshwa zaidi pale Makao Makuu yalipoagiza kwamba, ikiwa hadi tarehe 30 Juni 2023 hakuna kiwanda hata kimoja cha Nyanda za Juu kitakachokuwa kinazalisha chenyewe teknolojia iliyotoka katika chumba kile, basi chumba kifungwe na mitambo yake ihamishiwe kwingine.

Wakati agizo hilo linakuja, maabara ilikuwa na tumaini moja tu, nalo lilikuwa mtambo wa kuongoza matanuru ya kukaushia mbao, yaani saketi yenye vihisi vinavyopima unyevu wa ubao na kupandisha au kushusha joto bila mtu kushinda mlangoni akipapasa, na aliyejitosa kuupokea alikuwa Bwana Anwari, mfanyabiashara wa Mlandege, Iringa mjini, mwenye karakana ya samani na matanuru matatu, mtu mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuwaka, ambaye tunaye hapa leo na ameturuhusu tuyaseme haya yote. Mtambo ulifungwa, matanuru yakawashwa, na mbao za paina zikatoka zimepinda na kupasuka zote, zisizofaa hata kitanda cha mbwa, na tarehe 18 Agosti 2022, mchana kweupe, Bwana Anwari alikuja Iyunga na lori, akaishusha ile mitambo getini, akawaambia walinzi kwamba anawarudishia wasomi binti yao, kwake ameshindikana.

Kituoni kukawa moto, wanasheria wakaanza kuandika barua za kujibu barua, kila upande ukamtupia mwenzake lawama, na dada yetu, katikati ya kikao kirefu, alisimama akasema kwamba Bwana Anwari amewapa jibu na hawajalisikia, kwa kuwa huku kwetu Uhehe binti akirudishwa kwao hakuna anayekimbilia mahakamani kwanza, anaitwa mshenga, yule aliyepeleka posa, ambaye pande zote mbili zinaweza kumfokea naye asinune, na kosa lao wao ni kwamba wametoa mtambo bila mshenga. Wapo waliocheka, na mmoja akauliza kama mahari italipwa kwa ng'ombe au kwa hundi, lakini Verediana alikuwa keshachukua mkoba wake na kuelekea Mwanjelwa.

Huko Mwanjelwa alikwenda dukani kwa Mzee Muhidini, muuza vipuri vya redio, ambaye wahandisi wote wa Iyunga ni wateja wake na ambaye amejuana na ukoo wa Anwari tangu enzi za baba zao, akamweleza shida yake, na Mzee Muhidini alicheka hadi akashikilia meza, kisha akafuta macho akauliza wanasafiri lini. Walipofika Mlandege mambo yalikwenda kwa utaratibu, mshenga akaingia kwanza peke yake, mhandisi mkuu wa maabara ya taifa akasubiri nje, ndani ya gari, tangu asubuhi hadi adhuhuri, akisikia sauti ya Bwana Anwari ikipanda na kushuka ukutani, na alipoitwa ndani tayari hasira ilikuwa imekwisha kummiminikia mtu mwingine, imebaki hoja.

Ndipo ilipofahamika kwamba kilichomkera zaidi Bwana Anwari hakikuwa mbao, kwani mbao hupasuka tangu dunia iumbwe, bali ni kwamba Taasisi ilikuwa imefunga mitambo kwa lakiri na kuwakataza mafundi wake kuifungua, akawa kama mtu aliyeozwa mke ambaye funguo za chumba chake zimebaki kwa baba mkwe, na upande wa Taasisi nao ukalalamika kupitia kwa mshenga kwamba mafundi wa Mlandege walikuwa wakiharakisha tanuru kila mteja alipopiga simu, na Mzee Muhidini akawapa wote makosa, akawapa wote chai, wakakubaliana kwamba lakiri ziondoke, mafundi wawili wa Bwana Anwari waende Iyunga kujifunza kutengeneza saketi katika kile chumba kisicho na vumbi, na Taasisi nayo itoe mhandisi wa kuja kuishi na matanuru.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wahandisi vijana walianza kutazamana, hivyo Verediana akajitaja mwenyewe, akahamia Mlandege mwezi Oktoba 2022, akapewa chumba nyumbani kwa Bi Jaha, mama mzazi wa Bwana Anwari, ambaye alimpenda kama mwanawe wa kumzaa, na Ramadhani ilipoingia, dada yetu akikataa kunywa hata maji mbele ya mafundi waliofunga, Bi Jaha alikuwa akimpenyezea uji ofisini kwa mlango wa nyuma, akimwonya kwamba ugomvi wa mbao unatosha, asije akaanguka pale wakasingiziwa na la njaa.

Ni huko ukweni, kama alivyopaita, alikoliona kosa lililojificha, nalo ni kosa ambalo watu wa Iyunga tu ndio wangeweza kulifanya, kwa sababu mbao zote walizojaribia mtambo walizinunua Mwanjelwa, jirani na kazini, mbao zilizokwisha kuanikwa juani kandokando ya barabara majuma kadhaa, wakati mbao za Bwana Anwari zilikuwa zikishuka kutoka Mafinga zimetoka kwenye msumeno siku ile ile, zinachuruzika maji, na kwa ubao mbichi kiasi hicho kihisi kile hakitambui tena tofauti ya maji mengi na maji mengi mno, kikadhani ubao umeanza kukauka, kikaruhusu joto kali mapema. Hakulificha, aliwapigia simu wenzake akacheka mwenyewe, na dawa ikapatikana kwa kufunga mizani ya kielektroniki chini ya toroli la mbao, kwa kuwa ubao ukitoa maji unapungua uzito, na uzito haudanganyi, kisha kihisi kikaachiwa kazi ya mwishoni kinayoiweza.

Tarehe 16 Mei 2023 tanuru likafunguliwa mbele ya Mlandege nzima, mbao zikatoka zimenyooka, kavu, zinalia ngo ngo ukizigonga, na Bwana Anwari alizigonga moja baada ya nyingine, akizunguka toroli, huku Bi Jaha akipiga vigelegele na dada yetu akilia bila kujizuia, lakini bado hukumu yenyewe haikuwa imetoka, maana sharti la Makao Makuu lilikuwa kuzalisha, siyo kutumia. Wale mafundi wawili, Yasmini na Iqbal, walikuwa wamerudi kutoka Iyunga na kujenga nyuma ya karakana kachumba kadogo kasikoingiza vumbi, wakatengeneza humo saketi zao wenyewe, zikapelekwa kituoni na kuchanganywa na zile za Taasisi, zikakabidhiwa kwa Bwana Crispin wa vipimo, mtu ambaye hata salamu anaipima kabla ya kuipokea, akazipasha moto, akazigandisha, akazitikisa bila kujua ipi ni ya nani, na tarehe 22 Juni 2023 akatoa majibu kwamba zote ni nzima na kwamba yeye hawezi kuzitofautisha, na Verediana alituambia kwamba katika maisha yake yote, ukiacha kiapo cha ndoa, hajapata kusikia maneno matamu kama hayo.

Chumba hakikufungwa. Leo hii Mlandege kuna kiwanda cha saketi chenye zamu mbili kwa siku, mitambo yake inaongoza matanuru ya mbao Mafinga, vikaushio vya chai Mufindi na mabani ya kukaushia tumbaku kule Chunya, ambako wakulima wanachoma kuni chache kuliko zamani, na hakuna teknolojia inayotoka Iyunga siku hizi bila lakiri kuondolewa, mhandisi kwenda kuishi nayo na mshenga kutajwa jina, na wale waliocheka kikaoni sasa ndio wanaogombea kwenda ukweni.

Mwezi Januari 2025 marehemu alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo, akatibiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ikagundulika ana saratani ya kongosho, akapokea habari hiyo kwa utulivu kutuzidi sisi wote, akaendelea na matibabu kwa imani, na Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na mumewe na wanawe, aliitoa roho yake kwa Bwana, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu pasipo kumpunguzia heshima, majirani wa Iyunga waliofanya nyumba yetu isikose moto jikoni, Baba Paroko na jumuiya, viongozi na watumishi wa Taasisi, Bi Jaha ambaye umri haukumzuia kuja, na Mzee Muhidini, na ninyi wote tusioweza kuwataja, Mungu awalipe palipo na upungufu wetu.

Na kuna jambo wengi mmetuuliza tangu asubuhi, mbona wafanyakazi wa Bwana Anwari wamekuja nusu, wakati mila yetu inajulikana, msiba ukiingia jembe linalala. Ni agizo lake, alilitoa mwezi Julai kitandani, Mwalimu Asukile akalikataa, wazee wakalikataa, naye akashikilia kwamba mtambo unaozimika siku mwenyewe anapokufa ulikuwa bado ni wa maonyesho, na kwamba asiagwe kwa kiwanda kimya. Basi mnaowaona hapa ni zamu ya mchana, zamu ya asubuhi wako kazini Mlandege, akiwamo Yasmini aliyelia jana kutwa na leo akavaa koti jeupe akaingia, na ninavyosoma mstari huu, ndugu zangu, matanuru yanawaka na saketi zinatoka, bila yeye.

Pumzika kwa amani, dada Verediana, zamu zilizobaki ni zetu.