Mama Taratibu na Wosia wa Seremala

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha kumbukumbu, Mama Taratibu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Juni. Jina lake halisi limo kwenye barua ya kustaafu, lakini hapa ofisini hakuna anayelitumia. Mgeni akifungua jalada la zamani kama anayefungua gazeti, sauti ya chini husikika kutoka nyuma ya kaunta: "Taratibu, mwanangu, taratibu. Hiyo karatasi ni mkubwa wako." Hata wazee wenye mvi kumzidi wamewahi kuitwa mwanangu.

Alianza kama mpiga chapa, enzi za mashine zilizogonga kama mvua ya mawe juu ya bati. Baadaye alihamishiwa kwenye meza ya hati za kale, na huko ndiko alikoipata kazi aliyoipenda. Watu wanaotafuta historia ya ukoo wao huja na jina la babu tu. Yeye hulitafuta sanduku, huutoa wosia, kisha huunakili mstari kwa mstari kwa mwandiko unaosomeka. Wino uliofifia haumtishi. Huisogeza karatasi dirishani na kuinong'oneza neno kwa neno, kama anayembembeleza mtoto aseme amekula nini.

Kunong'ona huko kumemkaa mwilini. Hata chai huiagiza kwa kunong'ona, na mama wa kantini anasema imembidi ajifunze kusoma midomo. Adui yake mkubwa ni kalamu ya wino, maana mle ndani huruhusiwa penseli tu. Droo yake imejaa kalamu alizowanyang'anya watu. Baadhi ni za mkuu wa ofisi, ambaye anaomba kwa unyenyekevu zirudishwe kabla ya Ijumaa.

Sisi tunaojitolea hapa wakati wa likizo za shule tulifundishwa sheria zake mbili. Ya kwanza ni kutomsahihisha marehemu. Aliwahi kuja bwana mmoja aliyevaa tai, akakuta babu yake ameandika kwenye wosia kwamba mwanawe, yaani baba wa bwana huyo, ni mvivu kupindukia ila anajua kupika. Akaomba yabaki mapishi tu. Mama Taratibu akamjibu kwamba marehemu hawezi kurudi kujitetea, basi tumwache aseme alichosema. Bwana akaondoka amenuna. Baada ya muda alirudi kuomba nakala ya pili, kwa sababu ya kwanza ameitundika sebuleni na dada yake anaitaka.

Sheria ya pili ni kwamba mtu asinakili wosia wa ukoo wake mwenyewe, kwa kuwa jicho husoma kile ambacho moyo umeshakiamini. Mwaka huu aliivunja.

Ilikuwa hivi. Nesi mmoja alifika kaunta kutafuta wosia wa babu mkuu wa ukoo wao, fundi seremala, ili usomwe ndugu watakapokutana. Walipotajiana majina ya wazee, wakagundua kwamba seremala huyo ndiye baba wa bibi yake Mama Taratibu. Walikuwa ndugu, ila wa pande zisizosalimiana. Upande wa Mama Taratibu ulijua jambo moja tu: bibi aliolewa na fundi baiskeli ambaye seremala hakumtaka, na kwa hiyo wosia haukumtaja. Bibi alisusa, hakwenda hata kusikiliza ukisomwa. Shangazi yake Mama Taratibu, binti pekee wa bibi aliye hai, alirithi kisirani hicho kikiwa kizima. Hajakanyaga kwenye harusi wala msiba wa upande wa pili.

Nesi alimsihi, na mwandiko wenyewe ulikuwa mgumu, hakuna mwingine aliyeuweza. Mama Taratibu akanakili. Humo hakuona bibi yake akitajwa, na hakushangaa.

Kuhakiki alipewa fundi wetu wa kujalidi vitabu, tunayemwita Gundi, mtu ambaye sauti yake haikuumbiwa maktaba. Gundi alisoma hati ya asili kwa sauti, Mama Taratibu akafuatisha kwa kidole kwenye nakala yake. Ghafla kidole kikakosa pa kwenda.

"Soma tena, baba," alisema.

Gundi akasoma tena: "Na binti yangu mdogo nampa baiskeli yangu, ambayo mume wake ameitengeneza mara tatu na bado inalia kama mbuzi. Ajaribu mara ya nne. Akifaulu, waje nyumbani wote wawili wapikiwe, hata kama mimi sipo."

Mstari wa juu yake, wa binti mkubwa, ulianza kwa maneno yaleyale. Wakati wa kunakili, jicho la Mama Taratibu, lililokuwa halitarajii kitu, lilidhani limeshapita hapo, likauruka.

"Kinyozi hajinyoi, mama," Gundi akamwambia, "na akijinyoa hujikata."

Siku hiyo tulimsikia Mama Taratibu akicheka kwa sauti, na kumbe anayo! Alipiga simu papo hapo bila kunong'ona. Shangazi alitaka asomewe mara ya pili, kisha ya tatu. Halafu akauliza taratibu kabisa, "Kwa hiyo hakutukasirikia?"

Nesi alipopewa habari, alisema kuna baiskeli kuukuu imetundikwa katika stoo ya kwao. Babu yao alikataza isiuzwe wala isichezewe, akisema ni ya watu, na watakuja.

Jumamosi, siku moja baada ya kustaafu, Mama Taratibu anampeleka Shangazi huko. Shangazi ametangaza kwamba hafuati baiskeli, anakwenda kuwauliza kwa nini hawakuipaka mafuta miaka yote hiyo. Lakini ameshapiga simu mara kadhaa kuuliza kama watoto wa huko wanajua jina lake. Nesi amemjibu kwamba wanajifunza.

Mama Taratibu, asante kwa subira yako, na kwa kutufundisha kusoma kilichoandikwa badala ya tunachodhani kimeandikwa. Pumzika vizuri, uwe na afya, na uishi kwa furaha na watu wako wa pande zote mbili.