Madoa Kumi na Tisa ya Mzee Cuthbert Nalyoto

Wajomba, mashangazi, majirani wa Nanganga na ninyi mlioshuka kutoka Newala na mvua hii ya elinino mgongoni, ukoo umemchagua Lukmani Mrisho, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake Stamili, awasomee maisha ya Mzee Cuthbert Bonifasi Nalyoto, na umemchagua si kwa elimu, maana Lukmani aliacha shule darasa la tano mwaka 1987 alipoona walimu wanamchelewesha, bali kwa sababu hakuna mwingine hapa mwenye sauti ya kushinda mvua juu ya bati, jambo ambalo hata wasiompenda wanalikubali. Wazee wamemwambia asome upesi, na habari ya jiwe aipite pembeni. Upesi atajitahidi, lakini habari ya jiwe haipitiki, kwa kuwa nusu ya waliokaa hapa wamekuja kumzika mtu wanayemwita mwongo, na marehemu hatashushwa kaburini na jina ambalo si lake wakati Lukmani ana pumzi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1938 huko Newala, mtoto wa tatu kati ya saba, katika nyumba ambayo maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa mlima kichwani, na inasimuliwa kwamba akiwa na miaka sita alikuta kisamaki kwenye mtungi ambao mama yake ametoka kuupandisha, akakificha chini ya kitanda ili akiangalie vizuri, kikaoza, nyumba ikanuka siku nne, na hiyo ikawa kero ya kwanza kati ya nyingi alizowapa ndugu zake.

Alianza shule mwaka 1947 na kumaliza darasa la nane mwaka 1955 hapo Masasi, kisha tarehe 1 Juni 1959 akaajiriwa kuwa mhudumu wa maabara katika kituo kidogo cha utafiti wa samaki, ambako alijifunza kumpasua kwa wembe samaki asiyezidi kidole, na kumtoa minyoo ya tumboni, minyoo ya kwenye mashavu, na ile inayojikunja chini ya ngozi ikaacha madoa kama punje za ulezi. Msiulize kwa nini mtu mzima afanye hivyo. Lukmani aliuliza, akajibiwa kwa saa mbili, kwamba mnyoo huyo huanzia kwa konokono, akahamia kwa samaki, akangoja yangeyange amle samaki ndipo amalizie maisha yake tumboni mwa ndege, na wakati wote huo ugali ulikuwa unapoa mezani.

Samaki wenyewe mnawajua, ni hawa wa madimbwi ya mvua hapa Nanganga, dume mwenye mkia mwekundu, jike wa rangi ya matope, hawaliwi, hawauzwi, dimbwi likikauka mwezi wa sita wanakufa wote, na mayai yao yanakaa kwenye tope kavu hadi mvua nyingine. Kwa ajili ya hao, siku ya Jumamosi tarehe 16 Januari 1965, marehemu aliingia kanisani kufunga ndoa na Bi Isabela suruali ikiwa imelowa hadi magotini, na chupa mfukoni, na bibi harusi alipomwambia mbele ya wasimamizi, "Cuthbert, chagua, mimi au hao," alijibu kwamba hao watakufa mwezi wa sita, yeye avumilie tu. Bi Isabela, yaani Mama Dominika, anatikisa kichwa pale, lakini hajakanusha. Mungu aliwajalia watoto watatu, Dominika, Christopher na Magdalena, ambao wote walikua wakionja uji kwa woga, kwa sababu chupa za sukari na chupa za samaki zilikaa kabati moja.

Sasa jiwe. Tarehe 9 Septemba 1972, wachimba kisima chini ya mteremko wa Newala walipasua bamba la jiwe likafunguka kama daftari, na ndani yake kulikuwa na samaki wa kale aliyegandia humo, wataalamu humwita kisukuku, urefu wa kidole, miba yote inahesabika, na ubavuni ana madoa kumi na tisa ya rangi ya damu iliyoganda. Marehemu alilibeba hadi Nanganga kwa baiskeli, akalichora, akaandika tarehe, akatangaza kwamba huyu ni wa ukoo mmoja na samaki wetu wa madimbwini, na kwamba madoa yale ni vifuko vya minyoo ileile, yaani samaki wamerithishana na minyoo nayo imerithishana. Kilabuni walicheka hadi pombe ikawapalia, mmoja akamuuliza, "Mzee Cuthbert, hata minyoo ina ukoo?", naye akamjibu, "Inao, tena unajulikana kuliko wako."

Tarehe 30 Juni 1993 serikali ilimpunguza kazini pamoja na wenzake, ikawa ni wakati wa ruksa, wenzake wakafungua vibanda vya soda na mitumba, wanunuzi binafsi wa korosho wakajaa barabarani, naye akarudi nyumbani na katoni sita za chupa za samaki, akawa anawaandikia wataalamu barua, hadi mmoja, Bi Agatha wa chuoni Dar es Salaam, akajibu kwamba atakuja tarehe 22 Julai 1995 kuliona jiwe kwa macho yake, kwani michoro haimtoshi. Marehemu alipaka nyumba chokaa. Alinunua vikombe.

Mwaka huohuo vito vilikuwa vimewapagawisha watu Tunduru, na Lukmani, akiwa na miaka ishirini, alikuwa dalali wa mawe hapo Masasi, dalali hodari, mwulizeni yeyote, mwenye jicho la kuona rangi ndani ya jiwe kabla mwenye jiwe hajaiona. Madalali wana desturi, jiwe likiwa na ganda unalisugua upande mmoja kwenye jiwe la kunolea, unamwaga maji, unalifungulia dirisha ili mnunuzi aone rangi ya ndani. Alhamisi tarehe 20 Julai, marehemu akiwa shambani, Lukmani alilitoa jiwe sandukuni, akayaona yale madoa mekundu, akaamini kwa ujuzi wake wote kwamba ni rubi, na kwamba mjomba wake amekaa juu ya utajiri kwa miaka ishirini na mitatu akiuita minyoo, basi akalipeleka kwa mnoa visu, akalifungulia dirisha. Halikuwa na kitu ndani. Kichwa cha samaki kiliondoka, ubavu uliondoka, madoa yote kumi na tisa yaliondoka na maji meupe, ukabaki mkia.

Alilirudisha sandukuni, akafunga. Marehemu aliporudi aliangalia jiwe, akaangalia vumbi kwenye suruali ya mpwa wake, akalifunga tena sanduku, na Lukmani ambaye kusema ndiyo kazi yake hakukiri.

Bi Agatha alifika Jumamosi, majirani wamejaa uani, na mlikuwepo wengi wenu, mkamsikia marehemu akisema, "Nililisugua mwenyewe, nilitaka lipendeze." Yule mama alisikitika, akanywa chai, akaondoka, na kabla vumbi la gari halijatua mlishasema kwamba Cuthbert amefuta mwenyewe kwa sababu madoa hayakuwepo, alijichorea tu, akaogopa kuumbuliwa. Mkamwita Mzee Msasa. Tangu siku hiyo hakuitwa tena kwenye shauri la mpaka wala la mirathi, maana nani atamsikiliza shahidi aliyefuta ushahidi wake, na mtu aliyekuwa anaamua ugomvi wa vijiji viwili akabaki anaongea na chupa.

Basi sikilizeni, ninyi mliocheka miaka miwili na nusu. Lukmani aliyahesabu. Yalikuwa kumi na tisa, mekundu, safu mbili, kumi juu na tisa chini, kama ilivyo kwenye mchoro wa mwaka 1972 ambao Christopher ameushika hapo mbele, na hakuna dalali duniani anayesugua jiwe kutafuta madoa ambayo hayapo. Mwongo hakuwa mjomba.

Marehemu alianza kuugua Oktoba 1997, moyo ukitanuka na miguu ikijaa maji, akalazwa Ndanda tarehe 28 Januari mwaka huu, na Jumapili iliyopita Lukmani aliinama kitandani akamwambia, "Mjomba, niache niwaambie watu," naye akakasirika hadi muuguzi akaja, akasema, "Nyamaza, mjomba, wewe bado unatafuta mke, mimi nilishapata." Alifariki kesho yake, Jumatatu tarehe 9 Februari 1998, saa tano asubuhi.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi wa Ndanda waliomvumilia alipowauliza majina ya minyoo yao yote, majirani mliochimba kaburi linalojaa maji kila mkigeuka, na wafanyakazi wenzake wa zamani waliosafiri kwenye matope kuja. Ukoo unamshukuru pia Bi Agatha, ambaye jana amepigiwa simu kutoka posta ya Masasi na huyu anayesoma, akaelezwa yote, akasema mkia utunzwe, na mchoro, na asiguse mtu.

Baba yake Upendo, uliyekaa karibu na mlango, posa yangu unayo tangu mwezi wa kumi na mbili, na sasa unajua unampa nani binti yako, jibu lako nitalifuata mwenyewe baada ya arobaini.

Pumzika, mjomba wangu, kwa amani uliyonikataza kuivunja, mimi ndiye niliyesugua.