Mpaka wa Chumba Namba Tisa

Mambo yalianza Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, saa kumi na dakika ishirini jioni, Ruti alipochora mstari wa chaki katikati ya chumba cha hosteli. Alikuwa amepima mara tatu: sentimita mia moja arobaini na nane kila upande. Magunia matatu ya viazi ya mwenzake Enesi, yaliyoletwa kutoka kwao Mbebe, Ileje, yalikuwa yamevuka kwa sentimita kumi na tisa, hadi kukibana kitanda cha Ruti. Ijumaa kulikuwa na mtihani, na tangu magunia yafike Ruti alikuwa hajalala vizuri. Kwa wiki mbili hakuthubutu kumwambia Enesi; alikuwa akikohoa tu ili ashtuke. Saa kumi na moja akawa kijiweni karibu na forodha, akiwasimulia watu wanaopata riziki yao mpakani.

Kontena, wakala wa forodha, akashusha kikombe cha kahawa.

— Dada, huo mzigo umeingia bila kibali. Zuia.

— Nizuie vipi?

— Funga utepe. Asiguse mpaka alete nyaraka.

Kwacha, mbadilisha fedha, akaguna.

— Kontena unajua malori tu. Viazi vinapita njia za panya. Weka doria chini ya kitanda.

— Nina mtihani, kaka!

— Basi acheni kipande katikati kisicho na mwenyewe. Kama pale mpakani, kati yetu na wa ng'ambo, Nakonde.

— Nani atakideki?

— Hakuna. Ndiyo raha yake.

Helmeti wa bodaboda hakukubali kupitwa.

— Mimi naweka geti. Akitaka kuja dirishani kwako, agongewe muhuri. Akizidisha siku, namrudisha Ileje kwa pikipiki.

— Na viazi?

— Vitaomba ukimbizi.

Mama mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ameshuka basi kutoka Galula, begi bado begani, akauliza:

— Mlango uko upande wa nani?

Kontena akamtazama Kwacha. Kwacha akakitazama kikombe. Ruti akafunua daftari la vipimo, mlango hakuwa ameuandika.

— Wa Enesi, akasema polepole.

— Duh! Helmeti akashika kichwa. Umejifungia nje ya nchi, dada.

Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Ruti alisimama kwenye mstari na ndoo ya kuogea. Enesi alikuwa macho kitandani, akimtazama. Ruti akapiga hodi ndani ya chumba chake mwenyewe.

— Karibu, Enesi akasema, bila kucheka.

Ruti akavuka, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mwenzake.

— Enesi, magunia yako yananinyima usingizi. Inuka tuyapange.